Shavu Jeupe

Naryn, 9 Novemba 2006

Kanyshai mjukuu wangu,

Salaam aleikum. Mimi mzima, ila goti ndilo halina adabu. Shangazi yako Zuura mzima, mumewe naye mzima na anakoroma. Fleti yao iko ghorofa ya nne. Bomba la joto linachemka mchana na kupoa usiku, kama ahadi ya mtu mwongo. Mama yako amepiga simu kutoka Moscow, anasema kazi ipo na baridi ipo. Nimekwisha kutoa habari za watu.

Nimeandika mwenyewe. Zuura alitaka niseme yeye aandike, nikakataa, maana huyapaka maneno yangu sukari. Madarasa manne niliyosoma yananitosha. Ukiona herufi zimelala, zisimamishe.

Kumbe umekwenda kweli. Nilidhani ni maneno tu. Binti wa miaka ishirini na minne, mwenye cheti cha ualimu, amerudi Kara-Jylga kwenye nyumba yetu ya majira ya baridi, nyumba ambayo hata mbuzi walishaikimbia, ili awapandishe Wazungu mlimani kwa miguu kisha awateremshe. Tilek dereva alinieleza hayo hapa jikoni nikamwambia asinifanye mtoto. Anasema wanapanda kwa muda wa saa nne wakihema, wanafika kileleni, wanatazama, halafu wanateleza mpaka chini kwa dakika kumi, wanacheka, wanaanza tena kupanda. Nikamuuliza, huko juu wameacha nini? Akasema, "Hawajaacha kitu, Bibi Uulkan. Hiyo ndiyo likizo yao." Sisi tulipanda mlima kumfuata farasi aliyepotea. Mtu aliyepanda bila kupotelewa na kitu tulimwita mullah amsomee.

Anasema pia kwamba chini ya zile mbao zao za kutelezea wanabandika ngozi ili wasirudi nyuma wakipanda. Hilo nalo wanalionyesha kama jipya. Babu wa babu yako alibandika ngozi ya mguu wa farasi, manyoya yakielekea nyuma, akawinda nayo mbuzi-mwitu. Waambie wageni wako. Wasije wakadhani wao ndio walioifundisha theluji kuanguka.

Nakuletea soksi jozi tatu na mfuko wa kurut, yale madonge ya maziwa makavu ya chumvi. Uinyonye polepole, usiitafune kama ng'ombe.

Sasa neno lenyewe. Usipite Shavu Jeupe. Upepo wa kipito cha Sary-Bel ukishavuma siku mbili, hata kama baadaye jua linawaka na theluji inakukonyeza, usipite Shavu Jeupe, wala usimpitishe mtu. Sina zaidi.

Bibi yako,
Uulkan


Kara-Jylga, 30 Novemba 2006

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika na soksi zimefika, jozi moja nimeivaa ninapoandika. Kurut Tilek amenipa nusu mfuko. Nusu nyingine anasema panya walikula njiani, na panya huyo ana masharubu na anaendesha lori.

Mimi mzima. Paa tumeliziba, kuta tumezikandika udongo upya, na uani tumesimamisha yurta mbili, mahema ya sufu, za wageni, kila moja na jiko lake. Jirani pekee ni mzee Doolot, mchungaji, yule aliyehamia bonde hili miaka ya themanini. Anakuja kunywa chai na kunikosoa. Mkikutana mtapatana sana.

Bibi, sikujua kwamba kimya kina rangi. Asubuhi nikitoka, kila kitu ni cha buluu, hata pumzi yangu. Nasimama bila kusogea nasikia theluji ikijipanga, sauti ndogo kama ya mtu anayepekua kurasa chumba cha mbali. Jua likigusa kilele buluu inashuka mlimani taratibu, kama shuka inayovutwa, na mimi ninaisubiri ipite juu yangu. Mara nyingine najiona bado nimelala pale Naryn na huku kote ninaota.

Nikupe habari ya kazi. Kampuni inayoleta wageni imenipa msimu huu mmoja wa kujaribiwa. Kundi la mwisho, Waswisi wanane, watakuja mwezi wa tatu. Wakiondoka wameridhika, kambi hii itakuwa mikononi mwangu kila baridi, na nyumba yetu haitakufa. Wasiporidhika, nitamfuata mama Moscow nikafagie ngazi. Ndiyo maana nauliza mambo mawili, na nakuomba usinikasirikie.

La kwanza, Shavu Jeupe ni lipi? Nimemuuliza Doolot, hajawahi kulisikia. Ramani ya zamani ya Warusi hailijui.

La pili, babu mkuu, baba yake Babu Sharshen, alikufaje? Najua alikufa huku, wakati wa baridi. Babu Sharshen alinifundisha majina ya baba saba wa ukoo wetu, lakini habari zao hakunipa. Wageni wananiuliza nyumba hii ilikuwa ya nani, na mimi nawaongezea chai tu.

Mjukuu wako,
Kanyshai


Naryn, 22 Desemba 2006

Kanyshai,

Wa aleikum salaam. Barua yako imekaa wiki mbili upande wa pili wa Sary-Bel kwa sababu njia ilifungwa. Tilek nimemuuliza juu ya panya. Amecheka, nikajua.

Huku wazima. Zuura amenunua mashine ya kufulia nguo inayotembea yenyewe jikoni ikifanya kazi, inatupasa kuikalia. Kuna bibi-arusi mpya ghorofa ya pili anayemwita baba mkwe wake kwa jina, tena kwenye ngazi, watu wanapita, kama anaita paka. Nilimsimamisha nikamwambia. Akanijibu, "Bibi, hii ni karne mpya." Karne ni mpya, ulimi ni ule ule. Mimi tangu nilipovaa kitambaa cheupe cha bibi-arusi sijalitaja jina la baba mkwe wangu, akiwa hai wala baada yake. Tulimwita Mkubwa. Kijana wa jirani aliyepewa jina kama lake tulimwita Wa-Ng'ambo mpaka akaota ndevu. Babu yako alipokuwa anakufundisha majina ya baba saba, wewe umekaa gotini mwake unaimba, mimi nilikuwa natoka nje kukata kuni. Kuni zilikuwepo za kutosha. Hukujiuliza kwa nini Bibi anakata kuni kila siku?

Umeuliza alikufaje. Alikufa. Watu hufa. Waambie wageni wako nyumba ilikuwa ya mtu mwenye farasi wazuri na maneno machache, wanywe chai yao.

Na Shavu Jeupe, kama Doolot halijui, si ajabu, yeye ni mtu wa kuja. Simama mlangoni pa nyumba, pale wanapomwaga majivu. Linalokutazama usoni ndilo hilo. Mtu mwenye macho hawezi kulikosa.

Kula nyama. Sauti ya theluji inayojipanga mimi naijua. Anayeisikia sana huwa hajala.

Uulkan


Kara-Jylga, 18 Januari 2007

Bibi yangu,

Shikamoo na heri ya mwaka. Mimi mzima na ninakula, uso wangu umekuwa mweusi kama birika ya Doolot, ila mahali pa miwani pamebaki peupe. Ukiniona utanidhania ndege fulani. Makundi mawili yamekuja na kwenda. Habari zako za mashine inayotembea jikoni nimewasimulia wageni, mmoja alilia kwa kucheka.

Nataka uone tunavyopanda. Tunatoka mstari mmoja, mimi mbele nakanyaga njia, ngozi zinasugua theluji, shwaa, shwaa, na hakuna anayesema. Baada ya saa moja mtu anasahau kwamba ana miguu. Mawazo yanapungua moja moja kama kondoo wanaoingia zizini, mpaka linabaki moja, na hilo nalo halina jina. Kileleni tunabandua ngozi, tunazikunja kifuani zisigande, kisha tunajiachia. Bibi, sijui nikuelezeje. Unashuka na huanguki. Mlima unakupokea, unakuinua, unakupokea tena, kama mtoto anayerushwa juu na mtu anayempenda. Chini tunageuka kutazama alama zetu na hatuamini kuwa ni sisi tuliopita.

Usiogope, kila mteremko napima kwanza. Nachimba shimo, nasoma matabaka ya theluji, tabaka gumu, tabaka laini, nani amemlalia nani.

Na Shavu Jeupe nimelipata. Nikisimama mlangoni linanitazama, jeupe, la mviringo, kama kondoo aliyelala. Hapa lazima niungame: mlango si ule wa zamani. Ule tumeuziba kwa matofali mwezi wa kumi kwa sababu ya upepo, tukakata mwingine ukuta wa nyuma. Sikukuambia mapema kwa sababu nilijua utanikaripia. Unikaripie sasa yaishe. Basi, kilima kile nimekiacha kabisa, kama ulivyosema, ingawa kinaonekana kipole.

Kwa Waswisi nimeweka mteremko mwingine, ule mkubwa wa ng'ambo ya mto. Nimeuacha haujaguswa msimu mzima. Ni mmoja, mrefu, laini kama maziwa yaliyomwagwa. Unajua kwenye ramani unaitwaje? Baizak. Nilipoona nilisisimka. Babu yangu mkuu ana mlima! Doolot anasema jina hilo alilikuta. Nikawaza, bila shaka alichunga hapo farasi wake. Tarehe tatu mwezi wa tatu, upepo ukitulia, nitawapandisha hapo, na nitakapokuwa nashuka nitakuwa nashuka kwa jina la nyumba yetu.

Mjukuu wako mwenye furaha,
Kanyshai


Naryn, 25 Februari 2007

Kanyshai,

Salamu zipo. Nitazitoa mwisho, karatasi ikibaki.

Barua yako ya mwezi wa kwanza imefika jana. Kipito kilifungwa, kisha Tilek akaugua kifua, barua ikalala ndani ya koti lake kama mtu asiye na haraka. Nimeisoma nimesimama. Nikakaa, nikaisoma tena.

Umekata mlango. Umetoboa ukuta wa nyumba ya watu na hukuniambia, mimi nikakwambia simama mlangoni, nawe ukasimama kwenye mlango wako. Hicho unachokiita Shavu Jeupe ni kilima cha watoto kuchezea. Hata jina hatukukipa. Simama palipo na matofali, utazame kunakotazama matofali. Ndilo hilo.

Hulioni kwenye ramani kwa sababu ramani iliandikwa na wanaume. Shavu Jeupe ni jina letu sisi wake wa nyumba ile, mimi na mama mkwe wangu. Wanaume waliupa mteremko jina la mtu, nasi jina hilo hatukuweza kulitia mdomoni, basi tukaupa letu. Mteremko ni mmoja. Ni huo unaotaka kuwapandisha watu wanane tarehe tatu.

Sasa sikiliza, maana nitasema mara moja tu.

Ilikuwa mwezi wa tatu mwaka wa hamsini na nane. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane, na miezi mitatu tu ya ndoa ndani ya nyumba ile. Upepo wa Sary-Bel ulikuwa umevuma siku mbili, siku ya tatu kukatulia, jua, kila kitu kinameta. Mkubwa alikwenda ng'ambo ya mto kumtafuta jike la farasi aliyekuwa karibu kuzaa. Mimi nilitoka mlangoni na ndoo ya majivu. Nikamwona, mdogo kama mbegu, anavuka mteremko katikati, anatembea bila haraka, mikono nyuma. Nikainua macho. Juu yake kulikuwa na uzi. Ufa mwembamba wa buluu, kama mtu amepitisha sindano kwenye theluji kutoka mwamba mpaka mwamba. Dakika moja kabla haukuwepo.

Angerudi nyuma hatua thelathini angefika penye miamba. Hewa ilikuwa kimya, angesikia. Ilitosha kumwita.

Bibi-arusi hamwiti baba mkwe wake. Hapazi sauti mbele yake, hata jina linalofanana na lake halisemi. Unayajua haya, lakini unayajua kama unavyojua hadithi. Mimi nilikuwa ndani yake. Jina lilinijia mpaka kwenye meno. Nilikuwa nalo hapa, kwenye meno, nikalimeza. Nikaweka ndoo chini nikakimbilia zizini kumwita mama mkwe, yeye ampigie kelele. Na nilikimbia kinyumenyume, Kanyshai, hatua kadhaa za kwanza, ili nisimgeuzie mgongo. Mtu mdogo kama mbegu, ng'ambo ya mto, na mimi nakumbuka kutomgeuzia mgongo.

Tuliporudi theluji ilikuwa imeporomoka naye, mteremko ulikuwa mwingine. Hakukuwa na ngurumo wanayosimulia watu. Ilikuwa kama mtu amekung'uta blanketi chumba cha pili. Halafu vumbi jeupe likapanda, likakaa hewani muda mrefu, likimeta, zuri. Nakwambia lilikuwa zuri. Hilo ndilo ambalo sijamsamehe Mungu.

Tulimpata mwezi wa tano, amelala ubavu, kofia iko kichwani. Watu walinisifu. Walisema, bibi-arusi wa nyumba ile ana malezi, hata siku ile hakupaza sauti. Mama mkwe akanipa kitambaa kipya cha hariri. Sijakivaa. Kiko sandukuni, siku ukija nitakuonyesha.

Sikukuambia kwa sababu hukuuliza vizuri. Hapana. Uliuliza vizuri. Sikukuambia kwa sababu kisa hiki hakina mlango isipokuwa jina lake, na mlango huo niliuziba mwenyewe, kabla yako.

Basi.

Shavu Jeupe ni Baizak. Baba mkwe wangu, Baizak. Usipite Baizak, Kanyshai. Baizak. Baizak.

Karatasi imebaki. Zuura mzima. Tilek anasema ataondoka Ijumaa kwa sababu kifua bado kinambana. Nimekuja nyumbani kwake na kalamu, nimekaa kwenye kiti kilicho karibu na jiko, na sitanyanyuka mpaka anyanyuke yeye. Mkewe ananipa chai. Chai yao nyepesi.

Uulkan


Kara-Jylga, 19 Machi 2007

Bibi,

Shikamoo. Mimi mzima. Naliandika hilo kwanza, nalirudia: mimi mzima, na wote wazima.

Tilek alifika tarehe tatu asubuhi. Lori alikuwa ameliacha upande wa pili wa Sary-Bel, akatembea, kisha akaazima farasi wa Doolot. Nyusi zake zilikuwa barafu. Sisi tulikuwa tumesimama uani, ngozi zimebandikwa, mikoba mgongoni, mimi mbele. Akanipa barua akasema, "Soma sasa hivi, dada. Bibi yako alikaa jikoni kwangu siku mbili, mke wangu anataka kiti chake."

Nikaisoma hapo hapo na glavu mdomoni. Waswisi wakanisubiri. Nilipofika penye jina nilisoma polepole. Ulikuwa umekandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka, na upande wa pili jina linasomeka kwa vidole.

Nakuambia ukweli wote. Siku moja kabla nilikuwa nimechimba shimo pembeni mwa mteremko ule. Chini kabisa theluji ilikuwa kama sukari, haishikani, na juu yake upepo ulikuwa umelaza tabaka gumu. Niliona. Nikajiambia, si mbaya sana, tutapita mmoja mmoja. Niliutaka mteremko ule, Bibi. Niliuota kwa miezi miwili. Ningewapeleka.

Nikawaambia hatwendi. Kiongozi wao, mtu mmoja anaitwa Reto, mrefu, mpole wa sauti, akaniuliza sababu. Nikasema theluji si nzuri. Akasema jana ulisema inafaa. Nikasema jana sikuwa na barua. Kisa chenyewe sikuwaeleza, ni chako. Nikawapandisha kile kilima cha watoto. Siku tano tulikipanda na kukishuka mpaka kikawa kama nywele zilizochanwa, na kila siku ng'ambo ya mto Baizak ametandaza weupe wake kwenye jua, hakusogea hata chembe. Wageni walikuwa wanautazama mteremko ule kama watoto walionyimwa asali. Siku ya kuondoka Reto aliandika mstari mmoja kwenye daftari la wageni: Mwongoza wageni anaongozwa na bibi yake. Kampuni wamelisoma. Wamesema watafikiria kuhusu msimu ujao, na watu wakisema watafikiria, huwa wamekwisha kufikiria.

Walipoondoka nilikaa peke yangu. Nikachukua nyundo nikatoa matofali kwenye mlango wa zamani, moja moja, nikakuta kizingiti chako bado kipo, kimelika katikati. Tangu hapo majivu namwaga huko.

Ijumaa iliyopita, saa nane mchana. Upepo ulikuwa umevuma, umetulia. Nilitoka na ndoo. Ng'ambo ya mto mbweha alikuwa anavuka mteremko, anasimama, ananusa, anaendelea. Nilikuwa namtazama yeye. Halafu nikainua macho nikauona uzi.

Bibi, ni wa buluu kweli.

Nilifungua mdomo bila kuamua. Nikaita, "Baizak!" Kwa nguvu zangu zote, mara mbili. Sijui nilikuwa namwita nani. Mbweha akageuza kichwa, akanitazama, kisha akakimbia kuelekea kwenye miamba. Na mteremko wote ukashuka nyuma yake, polepole, kama mtu anayevua kanzu. Kweli hakuna ngurumo. Vumbi lilikaa hewani nikahesabu pumzi arobaini. Lilikuwa zuri. Na mimi sijui nimsamehe nani.

Hakuna aliyeona ila mimi na mbweha. Kampuni sijawaandikia, wangedhani nimetunga. Lakini nilitaka wewe ujue hatua thelathini zinatosha. Mtu akiitwa, anafika. Nimeona. Sijui kama habari hii inakupunguzia au inakuongezea. Nimeogopa kuiandika siku tatu, nikaona tumekwisha kufichana vya kutosha.

Kanyshai


Naryn, 6 Aprili 2007

Kanyshai mjukuu wangu,

Salaam aleikum. Mimi mzima, goti limelala leo. Huku wote wazima. Ile mashine ya kufulia imetembea mpaka ikang'oa bomba, wa ghorofa ya tatu wakaoga bila kutaka.

Barua yako nimeisoma. Umeuliza kama inanipunguzia au inaniongezea. Inaniongezea. Nilijifariji miaka arobaini na tisa kwamba labda asingesikia. Sasa najua. Lakini mzigo unaoujua unaweza kuubadilisha bega. Umefanya vizuri kuandika. Ungenificha na hilo ningekuja kukupiga kwa kijiko.

Huyo Reto amesema kweli, na aliandike tena kwa herufi kubwa. Mwongoza wageni anaongozwa na bibi yake. Nimemwambia Zuura anakili maneno hayo, nimeyabandika ukutani karibu na dirisha. Kila anayeingia namwonyesha. Hao kampuni, wakifikiria vibaya, niletee jina la mkubwa wao. Siku hizi naweza kuita watu.

Leo Ijumaa. Nimekaanga borsok, maandazi yetu madogo, kama kila Ijumaa, ili harufu ya mafuta iwafikie wafu wetu wajue hawajasahauliwa. Unajua ninavyofanya: mafuta yakianza kulia nawataja mmoja mmoja. Babu yako Sharshen, baba yako, mama mkwe wangu. Na kila Ijumaa, nikifika kwake, nilisema "na Mkubwa" kwa sauti ya chini, haraka, nikageuza unga. Watu wote wanaitwa kwa majina waje kunusa, yeye peke yake anakoholewa.

Leo nilifungua dirisha, nikamwita. Nilimwita kama anavyoitwa mtu aliye ng'ambo ya mto. Zuura aliangusha kijiko kwenye mafuta. Akasema, "Mama, majirani." Nikamwambia na wao wasikie.

Moshi ukatoka, ghorofa ya nne, ukasita kidogo, ukageuka upande wa huko Kara-Jylga.

Mwezi wa tano nitakuja. Goti lipende lisipende. Kile kitambaa cha hariri nakuja nacho kichwani. Mlango mpya uuache, upepo ule naujua. Na wa zamani usiuzibe tena. Uniwekee kiti hapo kwenye kizingiti, na ndoo usiiondoe.

Bibi yako,
Uulkan, mkwe wa Baizak